Fundo la Mize

Kabla sijakanyaga ngazi za Jumba la Karata, kila pesa iliyofika mkononi mwangu ilikuwa na jina. Hii Unga. Hii Mafuta ya Taa. Hii Kodi, ambayo haikai kwangu, hupita tu kusalimia. Ile iliyokunjwa ni Rambirambi, haiguswi hata tulale na njaa, kwa sababu hujui nani atafiwa kesho na majirani wana macho. Nilikuwa fundi wa kupaka chokaa katika mji usio na jina, si kwamba jina ni siri, ila wenyewe hatukuwahi kukubaliana nalo, na kila jioni nikishanawa mikono niliziita pesa zangu zikaitika. Maskini hujuana na pesa yake kama anavyojuana na wajomba zake: ni wachache, kila mmoja ana kero yake, na akikosekana mmoja nyumba nzima inajua.

Niliingia Jumbani na wajomba hao mfukoni, na nilipotoka... ngoja. Nikianzia kwenye kutoka nitaharibu utamu wote. Mjini kwetu hakuna aliyeshangaa mtu kuingia mle. Kilichoshangaza ni mtu kutoka na alichoshinda.

Walioliwa walitoka kila siku mchana kweupe, mikono mitupu, wamenuna, wakaenda kutafuta chakula kwa dada zao. Walioshinda ndio hawakuonekana tena. Jumba lilikuwa na mlango mmoja na bawabu mmoja, mtu mnene aliyekaa kwenye kigoda akimenya njugu, na desturi ya pale ilikuwa hii: ukitaka kutoka na ulichoshinda, unakiweka juu ya jiwe mbele yake, naye anakuuliza ni nini. Ukimjibu kwa kiasi, yaani ukamtajia ni ngapi, anakuonyesha ngazi kwa kidevu, unarudi juu. Na mtu aliyezoea kushinda hana jibu jingine ila kiasi. Kila mtu mjini alilijua swali hilo, hata watoto walilichezea uwanjani, na kila aliyepanda alicheka akasema, swali gani hili, mimi nitalijibu. Na mimi nilicheka.

Nilikwenda kwa ajili ya tanuri. Mke wangu Mize alikuwa akioka mikate ya mofa akiiuza barazani, na tanuri lake la udongo likapasuka ubavuni, moto ukawa unatoka nje na mkate unabaki mbichi. Nikamwambia nakwenda kulitafuta tanuri jipya kwenye karata. Hakunizuia. Mize si mtu wa kuzuia, ni mtu wa kutazama. Alikuwa amekwisha kuumua unga wa siku ile, akaufunika, akanawa mikono. Kisha akashika pembe ya kanga aliyovaa, akatia kitu ndani yake, akafunga fundo, akaichana pembe ile likabaki fundo peke yake, akalichomeka kiunoni kwenye msuli niliovaa.

"Hili n'talifungua mwenyewe," akasema. "Ukiliwa, rudi tule kilichopo. Lakini ukishinda ukawa huzijui tena pesa, Machano, usinirudie. Sitaki mtu mgeni ndani mwangu."

Kwetu, fundo alilolifunga mwanamke kwenye kanga yake halifunguliwi na mkono mwingine, hata wa mume. Hata mwizi huiba kanga nzima akaenda kuhangaika na roho yake huko mbele. Sikumuuliza ametia nini. Nikaondoka nikiwa na uhakika wa mtu asiyejua anakokwenda.

Ghorofa ya chini huchezwa kwa sarafu. Poka, kwa asiyeijua, ni mchezo ambao karata ni nusu yake tu. Nusu nyingine ni dau: unasukuma pesa katikati ya meza, na mwenzio anakutazama usoni ajue kama umeshika karata za maana au unamtisha. Akiogopa anatupa zake, wewe unachukua vyote vya katikati hata kama mkononi una takataka. Sasa jaribu kumtisha mtu kwa pesa inayoitwa Unga. Nilisukuma sarafu, sarafu ikanigeukia ikaniuliza watoto watakula nini, na watoto wenyewe sina. Meza nzima iliuona huo Unga usoni mwangu. Nikatupa jozi ya ree, karata ambazo hakuna jozi inayozishinda, kwa kumwogopa mtu aliyeshika saba na mbili, takataka tupu. Alinionyesha baadaye, akicheka hadi akakohoa.

Ndipo nikajifunza kusahau.

Niliivua jina Kodi kwanza, maana hatukuwa ndugu wa karibu. Ikaenda katikati kimya, ikarudi na mwenzake. Nikaivua Mafuta ya Taa. Nikaivua Rambirambi, na hakuna aliyekufa. Mwisho nikauvua Unga, na ule ukaondoka bila kugeuka nyuma. Zikabaki sarafu tupu, duara, baridi, zisizonijua wala nisizozijua, na tangu dakika ile nikaanza kushinda.

Asije mtu akaniambia kwamba hapo ndipo nilipopotea. Hapo ndipo nilipofurahi. Nilikuwa nimeishi maisha yangu yote nimeinama, mtu wa kuuliza bei kisha kurudisha kitu mahali pake taratibu kana kwamba nilikiokota tu kukiangalia. Woga ule niliudhani ni sehemu ya mwili wangu, labda mfupa. Kumbe ulikuwa nguo, na nguo huvuliwa. Nilipoliwa sikuumia, nilipokula sikuruka. Niliitazama pesa ikija na kwenda kama mwenye nyumba anavyowatazama kuku wake uani, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza swali ambalo maskini hana nafasi ya kujiuliza: nani alikuwa akimtumia mwenzake, mimi au yeye? Niliicheka miaka yangu. Nikapanda ghorofa ya pili nikipiga mluzi.

Kule juu hakuna majina ya watu pia. Mtu huitwa kwa kiti chake. Nilikaa Kiti cha Mlangoni, na mara vidole vyangu vikajua namna ya kuchanganya karata ambayo hakuna aliyenifundisha. Nikaanza kujikuna sikio lisilowasha, kwa sababu aliyekaa pale kabla yangu alikuwa akijikuna la kwake. Siku moja nilimkumbuka mama mwembamba mwenye kidoti shavuni akiniita tule, nikamlilia kwa uchungu, halafu nikatambua kwamba mama yangu mimi alikuwa mnene na hana kidoti. Nilikuwa nimemlilia mama wa kiti. Wakati nao ulikuwa na tabia zake: chai iliyoletwa ilikuwa ya moto, nilipoishusha chini bado ilikuwa ya moto, na katikati yake ndevu zangu zilikuwa zimeota mvi. Mwanga wa dirishani haukubadilika. Ilikuwa saa nne ya asubuhi daima, saa ambayo mtu hujiona bado ana siku nzima mbele yake.

Nikapanda tena.

Ghorofa ya mwisho hakuna anayegusa pesa. Unaitamka. Unasema kiasi, mgawaji anatikisa kichwa, basi imekwenda au imekuja. Haina jasho la mtu wala harufu ya samaki. Siku moja aliyetuletea chai alinitajia bei ya kikombe, nami nikashindwa kujua kama ananiibia au ananipa bure. Nikawauliza wenzangu. Wakatazamana. Pale mezani palikuwa na utajiri wa kuununua mji ule na miji jirani yake, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kama chai ile ilikuwa ghali. Nikatamka kilichotajwa. Kitu kidogo kikanishtua kifuani, kisha kikapita.

Nikashinda sana. Nikashinda hadi nikachoka, nikashuka kwenda nyumbani, wapagazi wakinifuata na mifuko ya sarafu. Wakaimwaga juu ya jiwe, ikafanya kichuguu. Bawabu akatia njugu mdomoni.

"Hii nini?"

Nililijua jibu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba nililijua. Nilifungua mdomo niseme tanuri, na kilichotoka kilikuwa kiasi. Kiasi kizima, sahihi kabisa, hadi senti ya mwisho, kwa sauti nzuri ya mtu aliyesoma. Bawabu hakukasirika wala hakunicheka. Aliinua kidevu kuelekea ngazi.

Nikapanda. Sijui kama niliyepanda nilikuwa mimi.

Unga ni nini? Ni kitu cheupe.

Kodi? Sikumbuki mtu huyo.

Mize. Mize ni jina au ni kiasi? Kuna mwanamke anatazama. Ananitazama mimi au anamtazama aliyekaa kwenye kiti changu? Kama mtu ni kile anachokiogopa kukipoteza, na mimi siogopi kupoteza chochote, basi kwenye kiti hiki amekaa nani? Niliutaka uhuru nikaupata, nikaupata wote, wa kutosha na kuzidi, na sasa niko huru hata na mimi mwenyewe. Nani atakayekwenda nyumbani?

Hapo ndipo aliponisemesha Kiti cha Dirishani. Alikuwa mtu mtaratibu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, bingwa wa ghorofa ile, na wote tulijua kwamba ameshuka mlangoni mara nyingi kuliko yeyote na kurudishwa mara zote. Alisema kwamba amechoka. Tucheze mkono mmoja wa mwisho, vyote alivyonavyo kwa vyote nilivyonavyo, na atakayeshinda akajaribu tena kule chini, maana labda kichuguu kikiwa kikubwa vya kutosha jibu litakuja lenyewe. Niliona ni wazo la mtu aliyekata tamaa. Nikakubali, kwa kuwa nilikuwa nimekata tamaa zaidi yake.

Mgawaji akagawa. Nikazichungulia zangu: saba na mbili. Kopa na pau, hata rangi hazikufanana. Zikafunguliwa zile za katikati, ambazo ni za wote, hakuna iliyonifaa. Kiti cha Dirishani akatamka kiasi chake, na kilikuwa kikubwa hata mgawaji ikabidi aketi. Vyangu havikufikia. Kanuni ya Jumba ni kwamba asiyefikia dau hutia kitu alichonacho mwilini, mwenzake akikikubali. Nikajipapasa. Sikuwa na saa, sikuwa na pete. Kiunoni kidole changu kikagota kitu kigumu, kidogo, kilichokazwa barabara.

Nikakiweka mezani, juu ya kitambaa cha kijani: kipande cha kanga kilichofifia, na fundo.

"Zimo ngapi?" akauliza Kiti cha Dirishani.

"Sijui."

"Fungua tuone."

"Si langu kulifungua. Kalifunga mke wangu."

Nilisema mke wangu na maneno hayo yakanishtua mimi mwenyewe. Mgawaji akalitazama fundo kwa muda, akasema linakubalika iwapo bwana wa dirishani hana neno. Bwana wa dirishani akalisogelea. Kazi yake yote ya maisha ilikuwa kupima. Angeweza kukuambia uzito wa hofu yako kwa kutazama koo lako linavyomeza. Lakini fundo lile halikuwa na upande wa kushikia. Huenda ndani mlikuwa na lulu, huenda mlikuwa na kokoto. Uso wangu haukumsaidia, kwa sababu sikuwa nikificha kitu: kwa kweli sikujua, na kwa mara ya kwanza tangu nipande nilikuwa nataka kitu kisipotee. Mimi nilitaka fundo lile lirudi kiunoni kwangu kuliko nilivyotaka ghorofa zote tatu. Moyo ulikuwa ukinipiga hadi masikioni.

Akalinyanyua, akalinusa. Nikaiona harufu ikimfikia: moshi wa kuni na unga uliochachuka. Mle ndani hakuna kitu kilichokuwa na harufu kwa miaka, au kwa asubuhi ile moja, vyovyote utakavyohesabu.

"Aliyefunga hili," akasema polepole, "alikuwa na jambo lake." Midomo yake ikawa inatafuta neno kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. "Mie nilikuja kutafuta cherehani."

Akaupapasa mshono wa shati lake.

"Cherehani ya miguu," akasema. "Nilikuwa fundi nguo."

Akalirudisha fundo mbele yangu kwa mikono miwili. Akatupa karata zake. Zilianguka zimefunuka, na meza nzima ikaona: jozi ya ree.

Nilishinda. Nataka kulisema wazi, bila haya na bila kujishusha, kwa sababu watu wengi wakisimulia mambo ya Jumba hupenda kulia mwishoni. Mimi sikulia. Nilishinda kwa saba na mbili, nikamshinda bingwa wa ghorofa ya mwisho, na sikushinda kwa kusahau. Alipoitaja cherehani, na mimi zikanirudia: Unga huyoo, Kodi na mashavu yake, Mafuta ya Taa, Rambirambi imekunjwa vilevile. Zilipanda ngazi zikigombana, zikanijaa kifuani. Sikuziogopa tena. Nilizijua na sikuziogopa, na mambo hayo mawili sikuwahi kuwa nayo kwa pamoja, wala chini nilipokuwa maskini wala juu nilipokuwa kiti.

Tukashuka pamoja, mimi na fundi nguo. Yeye alibakiwa na pesa za mfukoni tu, zisizohesabiwa mezani. Akaziweka juu ya jiwe, bawabu akamuuliza, akajibu "Cherehani" kabla swali halijakwisha, akatoka nje akijikwaa kwa mwanga. Nikamsikia akicheka barabarani.

Kichuguu changu kikamwagwa. Kilifunika jiwe, kikamiminika hadi kwenye kigoda.

"Hii nini?"

Nikachuchumaa, nikaanza kutenga kwa mkono. Hili tanuri. Hii ni kodi, tena kodi ya muda mrefu, mwenye nyumba akome kutukoholea mlangoni. Huu unga. Hili ni paa la jikoni linalovuja. Hii ni rambirambi ya watu ambao bado wazima na Mungu awaweke. Hivi ni viatu vya Mize, vyenye visigino, alivyosimama kuvitazama kwenye dirisha la duka kisha akaondoka. Bawabu alikuwa ameacha kutafuna. Niliendelea hadi majina yakaniishia, na kichuguu kilikuwa bado kichuguu. Nikakitazama. Ningeweza kubuni majina. Mikono niliyoipata kitini ilikuwa bado inaniwasha.

"Na hii iliyobaki?" akaniuliza.

"Hii siijui."

"Usiyoijua iache."

Nikaiacha. Haikuniuma hata kidogo, na wepesi ule ndio ushindi wangu wa pili siku ile. Nilipogeuka kwenye kizingiti bawabu alikuwa ameshika ufagio, anaisukuma kando pamoja na maganda ya njugu.

Nje ilikuwa saa nne ya asubuhi, ileile. Nilimkuta Mize barazani. Unga aliouumua nilipokuwa ninaondoka ulikuwa haujafura bado, na ndevu zangu zilikuwa nyeupe hadi kifuani. Alinitazama kwa namna yake, akazishika ndevu, akazivuta kidogo kuona kama ni zangu. Nilimwonyesha mfuko begani. Hakuutupia jicho.

"Fundo langu liko wapi?"

Nikampa. Akalifungua kwa meno, kwa kuwa alikuwa amelikaza kwelikweli, na likadondoka kiganjani mwake lile lililomtupisha bingwa jozi ya ree: sarafu moja, ndogo, nyeusi kwa kushikwa.

"Ya chumvi," akasema, akanitia mkononi. "Nilijua utanichelewesha. Nenda upesi, unga utafura na sina chumvi."

Nikaenda mbio, nimeusahau mfuko begani. Hamadi wa dukani akapima chumvi kwenye karatasi, akanitajia bei, na damu ikanipanda. Nikamwambia hiyo si bei, huo ni unyang'anyi. Nikamwambia kwa bei hiyo heri nikachote bahari nikaichemshe mwenyewe. Akaniambia vitu vimepanda. Nikamwambia vilipandia wapi, wakati mimi ndiyo kwanza nashuka. Akaniangalia ndevu, akauangalia mfuko, akashindwa kunielewa. Sikutikisika. Moyo ulinidunda kuliko ulivyonidunda kule juu. Nikaiacha chumvi pale, nikageuka, nikaanza kuondoka polepole, nikimsikiliza kwa mgongo.

"Rudi, Machano," akaniita. "Chukua bwana, chukua."

Nikachukua. Nikarudi nyumbani nakimbia, chumvi mkono mmoja, chenji mkono wa pili, nimwonyeshe Mize.